JOTO LA MOSHI WA INJINI: MAFUNDI WA MAGARI YA MBIO HULIPIMA VIPI, NA KWA NINI?



Hapana shaka umewahi kuona gari la mashindano, au walau kulisikia. Linapita mbio, vumbi linatanda, mlio wake unabaki masikioni. Wenzetu wa Kenya huyaona magari hayo karibu na Naivasha, kwani mashindano ya Safari yalirudishwa katika ubingwa wa dunia mwaka 2021. Lakini Safari yenyewe ni ya zamani. Ilianza mwaka 1953, na miaka ile njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966, na tena 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na gari lake lilikuwa Peugeot 404. Wazee wengi wanaikumbuka 404. Ilibeba abiria, ilibeba magunia, ilibeba na wagonjwa.

Sasa swali. Gari la mbio na gari la kawaida huweza kuwa na injini za ukubwa uleule. Mbona moja lina nguvu mara mbili ya lingine? Jibu ni moto. Fundi wa gari la mbio huingiza hewa nyingi zaidi na petroli nyingi zaidi, akawasha moto mkali zaidi, mara nyingi zaidi kwa dakika. Nguvu hutoka humo. Na hasara nayo hutoka humo humo, maana moto uliozidi hula injini.

Je, fundi atajuaje kama moto umezidi? Injini haina dirisha. Hawezi kuchungulia kama mama achunguliavyo jiko lake. Njia moja anayoitumia ni kupima joto la moshi unaotoka. Hilo ndilo tutakaloeleza leo. Neno "moshi" hapa tutalitumia kwa hewa yote iliyokwisha kuungua, hata ile isiyoonekana kwa macho.

MOTO NDANI YA CHUMA

Injini ina matundu makubwa ya mviringo yanayoitwa silinda. Magari mengi yana silinda nne. Ndani ya kila silinda mna pistoni, nayo hupanda na kushuka kama mchi ndani ya kinu. Kazi yake ni ya hatua nne. Kwanza pistoni hushuka na kuvuta hewa na petroli. Pili hupanda na kuvibana. Tatu plagi hutoa cheche, mchanganyiko ule unawaka, na pistoni inasukumwa chini kwa nguvu. Nne pistoni hupanda tena na kuusukuma moshi nje. Moshi hupita kwenye mlango mdogo uitwao valvu, ukaingia katika bomba ambalo mafundi huliita ekzosi.

Hebu tupige hesabu. Tuseme injini inazunguka mara 6,000 kwa dakika. Kila silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Hiyo ni mara 3,000 kwa dakika. Gawanya kwa 60. Umepata 50. Yaani kwa sekunde moja tu, moto umewaka na kuzimika mara 50 katika silinda moja.

Moto huo unapowaka hupita digrii 2,000 za sentigredi. Maji, kumbuka, huchemka kwa digrii 100. Tena joto hilo lote haligeuki kuwa mwendo. Kwa kukadiria, thuluthi moja au pungufu ndiyo inayosukuma gari. Thuluthi nyingine huchukuliwa na maji ya rediata. Iliyobaki hutoka na moshi. Ukinunua petroli ya shilingi 3,000, basi karibu shilingi 1,000 zinakwenda zake bombani. Inauma, lakini ndivyo injini zilivyo.

SUFURIA NA PISTONI

Pistoni nyingi zimetengenezwa kwa alumini, iliyotiwa madini mengine kidogo ili iwe ngumu. Alumini ndiyo hiyo hiyo ya sufuria zetu. Alumini safi huyeyuka kwa digrii 660. Mafundi wanaokusanya alumini chakavu na kuisubu kuwa sufuria na miiko wanalijua hili vizuri. Mkaa na mvukuto vinawatosha.

Hapa msomaji makini atauliza: moto ni digrii 2,000, pistoni huyeyuka kwa digrii 660. Mbona haiyeyuki siku ya kwanza?

Fikiria sufuria jikoni. Ikiwa na maji ndani, utaiweka motoni kutwa nzima na haitaharibika. Maji yanalichukua joto. Yakikauka, ukasahau, ukaenda kuzungumza na jirani, utarudi ukute sufuria imepinda au imetoboka. Moto ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba joto halina tena mahali pa kwenda.

Pistoni nayo ina njia zake za kutua mzigo wa joto. Pete zake, yaani ringi, zinagusa ukuta wa silinda, na nyuma ya ukuta huo mna maji. Chini yake hurushiwa oili. Na kila mara hewa mpya inapoingia, huipoza kidogo. Tena moto wenyewe ni wa kupita upesi, kama unavyopitisha kidole katika mwali wa mshumaa usiungue. Ukikiacha hapo, utajuta.

Fundi anapoongeza nguvu ya injini anaongeza joto linaloingia. Njia za kutoka ni zilezile. Ikifika mahali joto linaloingia linashinda linalotoka, alumini hulainika kwanza, maana hupoteza ugumu wake kabla ya kuyeyuka. Kisha katikati ya pistoni panatokea tundu. Gari la mbio likiwa limekanyagwa mafuta yote, jambo hili laweza kutokea kwa muda mfupi sana, pengine katika kupanda mlima mmoja. Kazi ya miezi ya mafundi imekwisha, na dereva amekaa kando ya njia anatazama wenzake wakipita.

Wengine watasema, mbona ipo geji ya joto la maji? Ipo, na ni nzuri kwa kazi yake. Lakini maji ni mengi na hupata moto polepole. Mpaka geji ya maji ianze kulalamika, pistoni imekwisha kutoboka zamani. Moshi haungoji. Joto la moto likibadilika sasa hivi, moshi unaotoka nao hubadilika sasa hivi.

NYAYA MBILI ZINAZOTOA UMEME

Mhunzi hana geji, lakini anajua joto kwa rangi. Chuma kikianza kuwa chekundu cha giza, anajua ni moto wa digrii 600 hivi na kupanda. Kikiwa chekundu kama cheri, wekundu ulioiva, kimekaribia 800. Kikifika rangi ya chungwa, ni 900 au 1,000. Usiku utaona hata ekzosi ya gari la mbio imeiva nyekundu, na si uchawi. Ni joto la moshi tu. Lakini rangi inakupa makadirio, na fundi wa gari la mbio anataka hesabu.

Huwezi kutumia kipimajoto cha hospitali. Kioo kingepasuka mara moja. Chombo kinachotumika kinaitwa themokapo, nacho ni kitu rahisi ajabu. Ni nyaya mbili za madini mbalimbali, zimeunganishwa ncha kwa ncha. Ukiichoma ncha ile iliyounganishwa, na ncha za upande wa pili zikabaki baridi, umeme mdogo hutokea. Joto likizidi, umeme huzidi. Aliyeligundua jambo hili ni mtaalamu wa Kijerumani, Thomas Johann Seebeck, mwaka 1821. Wakati huo gari la petroli lilikuwa bado halijaota hata katika ndoto za watu.

Themokapo inayotumika sana kwenye injini ina waya mmoja wa nikeli na kromiamu, na mwingine wa nikeli na alumini. Nyaya hizo huvumilia joto kupita digrii 1,200. Umeme wake ni mdogo mno. Kwa digrii 800 hutoa kama volti 0.033. Betri moja ya tochi ina volti 1.5. Gawanya mwenyewe, utaona kwamba ungehitaji themokapo kama 45 ili zifikie betri moja. Kwa hiyo panatakiwa geji nzuri ya kuusoma umeme huo mdogo na kuugeuza kuwa digrii mbele ya macho ya dereva.

Fundi hutoboa tundu dogo kwenye ekzosi, akaingiza ncha ya themokapo mpaka katikati, pale moshi unapopita kwa wingi. Mahali pa kutoboa ni jambo kubwa. Kwa kawaida ni sentimita chache tu kutoka mlango wa moshi wa silinda. Ukienda mbali, moshi umekwisha kupoa na geji itakudanganya. Kama injini ina silinda nne na anaweka themokapo nne, sharti zote ziwe umbali uleule, la sivyo analinganisha vitu visivyolingana. Ncha nyembamba husoma upesi lakini hukatika upesi. Nene hudumu lakini huchelewa kusoma.

UJI MZITO, UJI MWEPESI

Sasa tumefika penye utamu wa habari yenyewe.

Watu wengi wakisikia habari ya kupima joto hudhani mambo ni mepesi. Geji ikipanda ni mbaya, ikishuka ni nzuri, basi. Lakini wapi! Moshi ni shahidi wa kweli, ila hasemi yote mpaka aulizwe vizuri.

Chukua mchanganyiko wa hewa na petroli. Ili petroli iungue yote bila kubakiza petroli wala hewa, kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa. Tuuite huo mchanganyiko wa sawasawa. Ukizidisha petroli, mchanganyiko unakuwa mzito, kama uji uliozidi unga. Ukipunguza petroli unakuwa mwepesi, kama uji wa maji maji. Moshi huwa wa moto kupita wakati wote pale karibu na mchanganyiko wa sawasawa. Mchanganyiko ukiwa mzito, moshi hupoa, kwa sababu petroli ya ziada haipati hewa ya kuiunguza, tena inapogeuka mvuke inachukua joto. Mchanganyiko ukiwa mwepesi sana, moshi pia hupoa, kwa sababu hewa ya ziada inapashwa moto bure.

Umeona taabu ilipo? Joto la moshi ni kama kilima. Kilele kipo katikati, na pande zote mbili ni mteremko. Geji ikikwambia digrii 760, inakwambia urefu uliopo tu. Haikwambii umesimama upande gani wa kilima.

Mtu aliyepotea kwenye ukungu mlimani hufanya nini? Anapiga hatua moja. Akiona anapanda, anajua kilele kiko mbele yake. Akiona anashuka, anajua kiko nyuma. Fundi naye hufanya vivyo hivyo. Anaongeza petroli kidogo tu na kutazama geji. Joto likipanda, basi alikuwa upande wa mwepesi. Joto likishuka, alikuwa upande wa mzito. Marubani wa ndege ndogo hutumia njia hii hii wanaporekebisha petroli angani.

Gari la mbio likikanyagwa mafuta yote hukaa upande wa mzito. Injini isiyo na tabo hutoa nguvu nyingi kwa kilo 12.5 au 13 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Yenye tabo hupewa petroli zaidi ya hapo, hata kilo 11 au 12 za hewa tu, ili petroli ile ya ziada iipoze injini. (Tabo ni gurudumu dogo linalozungushwa na moshi, likaishindilia hewa ndani ya injini.) Hatari ni kupungua kwa petroli. Chujio likiziba, au pampu ikichoka, mchanganyiko unatoka upande wa mzito na kupanda kilima kuelekea kileleni, wakati dereva bado amekanyaga. Hapo ndipo mshale wa geji hupanda, na dereva mwenye akili huachia mafuta kwanza, maswali baadaye.

Mafundi wengi wa injini za petroli hawaogopi digrii 700 hadi 850 injini inapofanya kazi nzito. Ikipita 900 hutazama kwa makini, ingawa injini zenye tabo na vyuma maalumu hupita hapo. Lakini usizishike namba hizi kama amri. Kila injini ina yake, na mahali ulipotoboa tundu pana yake.

CHECHE IKIWAHI, CHECHE IKICHELEWA

Kuna jambo la pili linaloweza kumdanganya msoma geji, nalo mimi naona ni la hatari zaidi. Ni wakati wa cheche, ambao mafundi huuita taimingi.

Cheche hutolewa kidogo kabla pistoni haijafika juu, ili moto upate muda wa kukolea. Ikichelewa, moto bado unaendelea kuwaka wakati valvu ya moshi inapofunguka. Joto lililotakiwa kusukuma pistoni linakimbilia ekzosi. Geji inapanda, gari halina nguvu. Magari ya mashindano yenye tabo wakati mwingine hufanya hivyo makusudi dereva anapoachia mafuta, ili moto uwake ndani ya ekzosi na kulizungusha gurudumu la tabo lisizubae. Ile milio ya kishindo kama bunduki unayoisikia gari la mashindano linapopunguza mwendo kwenye kona, mara nyingi ndiyo hiyo. Injini haijaharibika. Ila ekzosi na tabo vinaumia, na fundi anajua hivyo.

Cheche ikiwahi mno, mambo hugeuka. Moto unamaliza kazi mapema ndani ya silinda, na moshi hutoka umepoa zaidi. Geji inashuka. Dereva anafurahi. Kumbe ndani ya silinda mambo ni mabaya, kwa sababu joto na msukumo vimezidi kabla ya wakati, na sehemu ya mchanganyiko ambayo haijafikiwa na moto inajilipukia yenyewe. Mafundi husema injini inagonga. Mlio wake ni kama kokoto ndani ya kopo. Kila mgongo unaipiga pistoni kama nyundo na kuiondolea ile ngozi nyembamba ya hewa inayoikinga na moto. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta kugonga huku upesi, kwa hiyo jihadhari na petroli ya rahisi rahisi.

Basi hapa geji inaonyesha salama, na pistoni inakufa. Ndiyo maana fundi mzuri hasomi joto la moshi peke yake. Siku hizi anacho pia kipima oksijeni ndani ya ekzosi, kinachomwambia kama mchanganyiko ni mzito au mwepesi. Anacho kifaa cha kusikiliza kugonga. Na bado atachomoa plagi na kuitazama rangi yake, kama walivyofanya mafundi wa zamani. Joto la moshi ni shahidi mmoja katika baraza, naye anasikilizwa pamoja na wenzake.

KALAMU NA KARATASI

Mahali ambapo geji hizi husaidia sana ni katika kulinganisha silinda na silinda. Jaribu hesabu hii. Fundi amepima injini moja, akiwa amekanyaga vilevile, barabara ileile. Silinda ya 1 imetoa digrii 780. Ya 2 imetoa 775. Ya 3 imetoa 790. Ya 4 imetoa 865. Je, tatizo liko wapi?

Umejibu silinda ya 4, na umejibu vizuri. Imezizidi nyingine kwa digrii 75 au zaidi. Pengine tundu lake la petroli limeziba nusu, au hewa inaingia kwa kuiba kwenye gasketi. Kama ungepima kwenye bomba moja tu, mahali moshi wa silinda zote umechanganyika, ungepata kama 800 na kusema mambo ni mazuri. Silinda tatu nzuri zingeficha moja mbaya. Na kama silinda moja ingetoa 400 tu, usifurahi kwamba imepoa. Huenda haiwaki kabisa.

Jambo la kuandika pia lina nafasi yake. Fundi wa gari la mbio ana daftari. Anaandika tarehe, joto la hewa, petroli aliyotia, taimingi, na digrii za kila silinda. Anabadili kitu kimoja tu kwa mara moja, anapima, anaandika. Akibadili vitu vitatu pamoja hatajua kipi kimeleta nini. Yule asiyeandika hubaki kubahatisha, hata awe na geji ya bei gani.

KUTOKA NAIROBI MPAKA MOMBASA

Magari ya Safari ya miaka ile ya kabureta yalikuwa na shida ya pekee, nayo ililetwa na milima yetu. Nairobi iko juu kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi. Kila lita ya hewa ina uzito pungufu, kama 15 katika kila 100, kuliko lita ya hewa ya pwani. Kabureta haijui hayo. Yenyewe huendelea kutoa petroli karibu ileile, na uji unakuwa mzito.

Fundi wa Nairobi, ili gari lisibanwe, huweka tundu dogo zaidi la petroli. Gari linakwenda vizuri. Kisha linateremka kwenda Mombasa. Kadiri linavyoshuka hewa inazidi kuwa nzito, lakini tundu ni lilelile dogo. Mchanganyiko unazidi kuwa mwepesi. Linapofika pwani kwenye joto, dereva akikanyaga sana, moshi unapanda joto, na pistoni iko hatarini. Kitu hakijaharibika. Hakuna aliyegusa injini. Barabara yenyewe ndiyo iliyobadili mchanganyiko. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayopima hewa na kurekebisha petroli yenyewe, lakini pikipiki nyingi zenye kabureta bado zina tabia hiyo ya zamani.

DIZELI NI KINYUME

Huenda unasema, "Mimi sina gari la mbio, haya yananihusu nini?" Yanakuhusu kama kijijini kwenu kuna lori, au mashine ya kusaga, au trekta. Lakini angalia, dizeli ina sheria yake. Haina plagi ya cheche. Hewa huingia yote inayoweza kuingia, na nguvu huongezwa kwa kuongeza dizeli tu. Kwa hiyo kwenye dizeli, mafuta yakizidi ndipo moshi unapozidi kuwa wa moto. Kwenye petroli tumeona kwamba kuongeza mafuta upande wa mzito hupoza. Usichanganye haya mawili. Wapo waliochanganya na wamelipia.

Wenye malori wengine humwambia fundi "fungua pampu", yaani ongeza dizeli, ili lori lipande na mzigo. Lori linapata nguvu kweli. Tatizo linakuja kwenye mlima mrefu, mathalani Kitonga, kati ya Morogoro na Iringa. Kwa dakika nyingi mfululizo dereva amekanyaga, mwendo ni mdogo, upepo wa rediata ni haba. Mafundi wengi wa dizeli zenye tabo hawapendi moshi upite kama digrii 700, ukipimwa kabla ya tabo, kwa kazi ya kuendelea namna hiyo. Ukipimwa baada ya tabo huonekana umepoa kwa digrii 100 hata 200, maana tabo limekula sehemu ya joto. Kwa hiyo ukiambiwa namba, uliza kwanza imepimwa wapi.

Dereva mwenye geji akiona mshale unapanda, hashindani na mlima. Anaachia mafuta kidogo na kushusha gia. Injini inazunguka upesi zaidi, hewa inaingia nyingi zaidi, dizeli ya kila pigo inapungua, na joto linashuka. Anafika juu amechelewa dakika chache, na injini yake nzima.

Asiye na geji anayo macho. Moshi mweusi mzito ni dizeli iliyokosa hewa. Ukiona mashine ya kusaga ya kijiji inatoa moshi mweusi mfululizo, usianze kwa kuilaumu pampu. Fungua kwanza chujio cha hewa. Vumbi la pumba na unga huliziba, hewa inapungua, na joto la moshi linapanda hata kama hakuna aliyeongeza dizeli. Lisafishe kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza, au libadilishe.

Na kama injini ina tabo, kuna la kukumbuka mwisho wa safari. Gurudumu la tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mhimili wake unaogeshwa kwa oili inayosukumwa na injini. Ukipanda mlima, ukafika kituoni, ukazima papo hapo, oili inasimama wakati chuma bado kina moto mkali. Oili hiyo huungua na kugeuka masizi magumu pale pale kwenye mhimili. Dereva wa gari la mbio, na wa lori, hukaa kwenye kiti chake dakika mbili tatu injini ikiunguruma polepole, anatazama mshale ukiteremka mpaka kama digrii 200, ndipo anageuza ufunguo.